Konsole Iliyomsalimu Clarisse

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Si jirani, si Mama Aziza, si wale watu elfu tatu waliokuwa wananitazama kwenye telefone zao. Mimi, Bienvenu, ambaye nusu ya Goma inaniita Papa Manete, mpimaji wa michezo ya video na mashine zake, mwenye kuwaambia watu hii nunueni, hii acheni, hii ni kopo tupu limepakwa rangi.

Nilisimama mbele ya watu nikasifu konsole yangu mwenyewe iliyopotea, nikasema ni mpya.

Lakini nisiruke. Waliokosa gazeti la juma lililopita wasogee hapa karibu, niwapange haraka.

Clarisse, bibi yangu wa ndoa, aliondoka mwezi wa pili. Juma lile lile konsole yetu ikatoweka mezani. Funguo za nyumba tulikuwa nazo watu watatu: mimi, Clarisse, na Rachidi, rafiki yangu tuliyekuwa tunapima naye michezo tangu siku ya kwanza, yeye amekaa kushoto, mimi kulia. Nikapiga hesabu yangu ya haraka. Clarisse ameenda na sanduku moja la nguo. Mimi siwezi kujiibia. Basi ni Rachidi.

Na sikumwita pembeni. Nilimwambia direkti, hewani kwenye ukurasa wetu, watu wote wakisikia: “Rachidi, rudisha konsole.”

Rachidi hakujibu neno. Alitoka kwenye ukurasa, akatoka kwenye telefone yangu, akatoka kwenye maisha yangu. Hapo ndipo niliwaacha.

Tangu siku hiyo napima peke yangu. Mchezo wa mpira, nashindana na mashine. Mbio za magari, nashindana na mashine. Nikifunga bao nageuka kushoto nimpige mtu bega, nakutana na ukuta. Ukuta hausemi “umebahatika tu”. Hamwezi kujua mtu anavyoweza kukosa maneno matatu kama hayo.

Basi, asubuhi ya Jumatano, Mama Aziza akapiga hodi.

Mama Aziza ni mfanyabiashara, mali yake inapitia mpaka wa Bunagana, toka Uganda. Pia ni dada mkubwa wa Rachidi. Nilipomwona mlangoni na katoni chini ya kwapa, nilirudi nyuma hatua mbili.

“Usiogope, Papa Manete. Sikuja kupigana.”

“Karibu, mama. Habari ya siku nyingi?”

“Habari iko ndani ya katoni. Ni konsole. Nataka uipime leo, direkti, mbele ya watu wako wote.”

“Na Rachidi?”

“Kuna mutu amekutajia Rachidi hapa?”

“Iko mupya?” nikauliza.

“Wewe ndiye mupimaji. Utaniambia.”

Jibu lile lingetosha kumwamsha mtu mwenye akili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta shati la kuvaa.

Plastiki ya katoni ilikuwa imefungwa mara ya pili kwa utepe wa skochi. Hilo halikunishtua hata kidogo. Kitu kinachopita Bunagana, watu wa dwane, wale wa ushuru, wanakifungua waone ndani, kisha mwenye mali anakifunga tena kwa mikono yake. Hapa kwetu katoni iliyofungwa mara moja tu ndiyo inatutia mashaka.

Ningeweza kuiwasha kwanza, nikaiona mwenyewe. Lakini kanuni yangu mnaijua: mashine siiwashi mpaka niwe direkti, watu waione sura yake wakati mmoja na mimi. Kanuni hiyo alinipa Clarisse, mwaka wetu wa kwanza. Alisema, “Ukishangaa, ushangae nao.”

Saa nane ya mchana nikawa hewani.

Chumba changu kiko Himbi, nyuma kabisa ya uzio mkubwa ambao mbele kuna ofisi za shirika fulani. Wao wana umeme wa jenereta, mimi nasikia kelele yake tu. Nilikuwa nimeunganisha ekrani kwenye betri ya gari, waya wa konsole ukingoja, nikawaonyesha watu kwa majivuno:

“Mnaona? Leo Papa Manete hangojei kuran ya mutu! Tuko kwenye batri!”

Watu wakaingia. Mia tano. Elfu moja. Elfu tatu. Nikapasua plastiki.

“Jamani, tazameni uzito! Tazameni hii ngozi nyeusi! Hapa hakujapita mukono wa mutu!”

Nikaishika manete yake, kile kidude cha mkononi cha kuchezea.

“Uuu! Inakaa mukononi kama vile inanijua toka zamani. Na hiki kibonye cha kushoto, mnakiona? Wamekifanya laini kuliko vingine, kimeingia chini kidogo, ili dole gumba lipumzike. Waliotengeneza hii wana akili!”

Akili gani, wasomaji wangu. Kibonye kilikuwa kimelika. Na dole gumba lililokila lilikuwa hili langu, miaka minne.

Nikaipa tisa juu ya kumi kabla sijaiwasha.

Kisha nikaiwasha.

Ekrani ikawa bluu. Vichwa viwili vya katuni vikatokea bega kwa bega, kimoja kimevaa kofia, kingine kilemba cha kijani. Chini ya kofia: BIENVENU. Chini ya kilemba: CLARISSE. Na juu yao, kwa Kifaransa safi cha ofisini, mashine ikasema: Karibu tena, Clarisse.

Mimi nikanyamaza. Watu elfu tatu hawakunyamaza.

“Papa Manete, hiyo mupya inamujua bibi yako?”

“Imepita dwane na mke wa mutu ndani!”

“Si ndiyo ile ya Rachidi?”

Hili la mwisho ndilo lililonivunja. Nikapaza sauti: “Jamani, kuran imekatika!” nikazima kila kitu. Neno la mwisho nililowahi kulisoma kabla ya telefone kuzimika lilikuwa hili: “Imekatika ndani ya batri?”

Nikabaki peke yangu na jenereta ya watu.

Nikaanza kuibandua ile ngozi nyeusi kwa kucha; kumbe ni plastiki ya kubandika tu. Chini yake ilikuwa nyeupe. Juu ya ule weupe kulikuwa na duara la kahawia, mahali Clarisse alipokuwa anaweka kikombe chake cha chai nikimgombeza kila siku asikiweke. Nikaweka kidole kwenye duara nikalizunguka. Sijui mara ngapi.

Kisha nikaiwasha tena, safari hii bila watu, nikachagua kilemba cha kijani.

Clarisse hakupenda bunduki wala mpira. Alikuwa na mchezo mmoja tu. Ni wa watu wawili wanaobeba kabati kubwa, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakilipandisha vilima ishirini mpaka kwenye nyumba yao mpya. Mmoja akitembea haraka, kabati linaanguka. Mmoja akisimama, kabati linaanguka. Mchezo wenyewe hauanzi mpaka manete zote mbili ziwake.

Mimi na yeye tulifika kilima cha kumi na moja. Hapo nikawa na kazi nyingi. Kila jioni ananiletea manete, kila jioni namwambia kesho. Mpaka anaondoka, kabati letu lilikuwa limesimama kwenye kilima cha kumi na moja, katikati ya mvua.

Nikafungua. Hapakuwa na kabati kwenye mvua.

Ekrani iliandika: vilima ishirini juu ya ishirini. Mmefika nyumbani.

Nilipoteza konsole, nilipoteza rafiki, nilipoteza bibi, na nililala chini ya bashi, turubai la kambi ya wakimbizi Kanyaruchinya, nikiwa mtoto. Nilidhani nimeshajua kila aina ya kupigwa. Hii ilikuwa aina mpya. Nilikaa nikitazama watu wawili wa katuni wameketi mlangoni mwa nyumba yao, na mmoja hakuwa mimi.

Mlango ukafunguka bila hodi.

Mama Aziza hakuwa ameenda mbali. Alikuwa amekaa nje kwenye jiwe, telefone mkononi, akinitazama direkti kupitia ukuta wangu mwenyewe.

“Kuran imekatika, ee?”

“Mama Aziza, hii mashine umeitoa wapi?”

“Wewe umesema iko mupya. Tisa juu ya kumi.”

“Mama!”

“Usinipigie makelele. Ulishamupigia ndugu yangu, inatosha.”

Akavuta kiti cha Rachidi akakaa. Nasema kiti cha Rachidi kwa sababu tangu aondoke nilikuwa sikai hapo, wala siweki nguo.

“Nilikuwa Bunagana juma lililopita,” akasema. “Nasimama mustari wa dwane, namuona Clarisse. Anaishi pale kwa shangazi yake. Ananiuliza, Goma wanaendelea namna gani? Nikamwambia: ndugu yangu hatoki tena nyumbani. Akipita sokoni wanaficha telefone zao, wanamuita mwizi wa konsole. Clarisse akashika mdomo. Hakujua.”

“Atakosaje kujua? Nilisema direkti!”

“Toka siku aliondoka hajafungua ukurasa wako hata mara moja.”

Nilikuwa nimezoea kufikiri, kila nikiwa hewani, kwamba katika wale elfu tatu mmoja ni yeye. Nilikuwa navaa shati zuri kwa ajili ya huyo mmoja. Miezi yote hiyo nilivaa shati kwa ajili ya mtu wa Butembo anayeandika “poa” kila Jumamosi.

“Akaingia ndani,” Mama Aziza akaendelea, “akatoka na hii. Akaniambia: Ni mimi niliibeba, ndani ya sanduku, chini ya nguo. Ilikuwa yangu pia. Mupelekee, usimwambie kitu. Haiwashi mpaka awe direkti. Alimuchafua Rachidi mbele ya watu, atamusafisha mbele ya watu.”

“Na ngozi nyeusi? Na katoni?”

“Hiyo ni mimi. Ungeiona nyeupe ungeificha chini ya kitanda.”

Sikubisha. Ningeificha.

“Clarisse alikufungulia mulango mukubwa namna ile,” akasema, “na wewe ukakata kuran ya batri.”

“Nilipigwa na mushangao.”

“Sasa umepumzika. Rudi direkti.”

“Mama, si niandike? Niandike maneno mazuri, marefu, niyaweke kwenye ukurasa—”

“Ulipomuita mwizi, ulimwandikia?”

Nikaiweka telefone chini.

“Sikiliza, Bienvenu. Clarisse anavuka Ijumaa. Anaenda Kampala, amepata kazi. Akivuka, sijui kama atageuka. Namba yake mupya iko hapa.” Akagonga telefone yake na ukucha. “Safisha jina la ndugu yangu, nakupa. Usiposafisha, naenda nayo.”

Ijumaa. Tulikuwa Jumatano. Nikavaa lile shati.

Safari hii hawakuwa elfu tatu. Walikuwa elfu tano na zaidi, kwa maana aibu inaita watu kuliko konsole. Nilikuwa nimepanga mzaha wa kufungulia, mnanijua. Nikafungua mdomo, mzaha haukutoka.

“Konsole niliyosifu mchana ni yangu,” nikasema. “Haikuibwa. Bibi yangu alibeba kitu chake, na mimi nikamubebesha rafiki yangu. Rachidi si mwizi. Hakuwa mwizi siku ile, si mwizi leo. Yule aliyemwita mwizi wa konsole sokoni alisikia kwangu. Aje anicheke mimi.”

Walikuja, na walinicheka. Mmoja akauliza, “Basi tisa juu ya kumi inabaki?” Nikamwambia hapana, nilijipendelea.

Katikati ya vicheko nikaliona jina. Rachidi. Ile picha yake ya kofia nyekundu, niliyompiga mimi mwenyewe ufukweni. Alikuwa ameingia.

Nikasahau wengine wote. “Rachidi,” nikasema, “kiti chako…”

Sentensi ikaishia hapo. Niliingoja ijimalizie, haikujimaliza. Jina lake likakaa pale dakika mbili nzima, kisha likatoka. Hakuandika kitu. Hata alama ya kidole hakuniachia.

Nikafunga. Mama Aziza alikuwa ameona kila kitu.

“Amesikia,” akasema.

“Atarudi?”

“Kuuliza hivyo unaenda na miguu, si na telefone.” Akainuka, akaniandikia namba kwenye kipande cha ile katoni. Mlangoni akageuka, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama kama dada. “Bienvenu. Ukimupata, sema neno moja: nisamehe. Ao sema: rudi. Usifanye mudomo, usibishane.”

Akaenda.

Nilipiga. Ikaita mara tano. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru kwamba haitashikwa, ikashikwa.

“Alo?”

“Ni mimi.”

“Najua. Nilikuwa natazama.”

“Ulitazama ya pili?”

“Zote mbili. Ya uongo na ya kweli.”

“Ya kweli ilikuwa namna gani?”

“Fupi,” Clarisse akasema. “Ilinipendeza.”

Wasomaji, nilikaa chini. Sauti yake ilikuwa ile ile, ya mtu anayezungumza huku anafanya kitu kingine kwa mikono. Nikasikia sufuria. Nikasikia mtu akimwita kwa mbali, naye akajibu kwamba anakuja. Kulikuwa na maisha mazima nyuma ya ile sauti, na mimi nilikuwa na jenereta ya jirani.

“Umekonda,” akasema. “Shati linakuning'inia.”

“Najipikia mwenyewe.”

“Ndiyo maana.”

Akacheka. Mimi pia nikacheka. Kwa dakika moja tulicheka kama watu ambao hawajapotezana. Kisha akashusha sauti, na ile sufuria ikanyamaza.

“Bienvenu, uko na kitu unataka kuniambia?”

Nilikuwa nacho. Kilikuwa hapa, kwenye ulimi, kimeshavaa viatu. Maneno yenyewe nilikuwa nimepewa tayari, nichague moja tu.

Lakini macho yangu yakaenda kwenye ekrani. Wale wawili walikuwa bado wameketi mlangoni mwa nyumba yao. Ishirini juu ya ishirini.

“Ulimaliza muchezo wetu,” nikasema.



“Ndiyo. Niliumaliza.”

“Na nani?”

“Bienvenu. Ndiyo kitu unataka kuniambia?”

“Nauliza tu. Ule muchezo hauanzi na manete moja. Mimi ni mupimaji, najua. Nani alishika ya pili?”

“Ijumaa navuka.”

“Jibu kwanza.”

“Nimekutumia mashine ili usafishe jina la mutu, na wewe unaipekua kama polisi?”

“Jina nimesafisha! Watu elfu tano wamenicheka! Sasa na mimi nina haki ya kujua nani alikaa na bibi yangu kubeba kabati yangu!”

“Yako?” akasema. “Siku ya kuondoka nilisimama mulangoni na sanduku, nikakuaga. Ulikuwa unapima mashine ya watu, kaske kwenye masikio. Uliniinulia kidole: ngoja. Nikangoja. Ulimaliza muchezo, ukaanza mwingine.”

“Nilikuwa kazini, Clarisse!”

“Sawa. Ulikuwa kazini.”

“Usinigeuzie maneno. Nakuuliza mara ya mwisho. Ni mwanaume gani?”

Nilimsikia akivuta pumzi. Nilipomsikia tena, hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo niliogopa.

“Hakuna mwanaume. Niliweka manete moja juu ya magoti, nyingine mukononi, nikabeba ile kabati mbele na nyuma, mimi mwenyewe, kilima kwa kilima, mpaka ikafika. Haikunichosha, Bienvenu. Kwako nilifanya vile miaka mine.”